Bunge Linaloweza Yote na Milima ya Amani

Mwezi Agosti mwaka 1890 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria fupi kuhusu Heligoland, kisiwa cha mwamba kilicho katika Bahari ya Kaskazini. Kisiwa hicho hakifiki kilomita mbili za mraba, na wakati huo kilikuwa na wakazi wapatao 2,000. Uingereza ilikipokonya kutoka kwa Denmark mwaka 1807, na sasa ilitaka kukikabidhi kwa Ujerumani. Mkataba ulikwisha kutiwa saini Berlin tarehe 1 Julai. Kifungu chake cha 12 kilisema wazi kwamba kisiwa kitatolewa iwapo Bunge litaridhia.

Kifungu kilichotangulia, cha 11, kiliwahusu watu wengi zaidi. Humo Uingereza iliahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani wa Zanzibar, Ali bin Said, aiachie Ujerumani moja kwa moja ile pwani ya bara ambayo kampuni ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kuikodi: Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Kilwa hadi Lindi, na kisiwa cha Mafia juu yake. Hapo ridhaa ya Bunge haikutajwa, wala ya watu wa pwani. Sultani alilipwa marki milioni 4. Ilipoingia Januari 1891, Tanga ilikuwa mali ya Ujerumani machoni pa Ulaya nzima.

Wapo waliolalamika London, lakini malalamiko yao yalikuwa ya Heligoland. Malkia Victoria alikerwa kwamba wenyeji wa kisiwa wanahamishiwa kwa bwana mwingine bila kuulizwa. William Gladstone, kiongozi wa upinzani, alikuwa na neno la kisheria. Kwa desturi ya Uingereza, kufunga mikataba na kugawa nchi ni madaraka ya Taji, yaani mfalme au malkia akiongozwa na mawaziri wake. Waziri Mkuu, Lord Salisbury, kwa kuomba ridhaa ya Bunge alikuwa anaanzisha utaratibu mpya ambao Gladstone hakuuamini. Hoja nzito, na wanasheria wanaitaja hadi leo. Ila mtu wa Muheza, mkoani Tanga, au wa Pangani akiisoma leo ana haki ya kuuliza: kama mwamba wa watu 2,000 ulihitaji kura ya Bunge, mwambao mzima ulikuwa na kasoro gani?

Jibu la wanasheria ni kwamba pwani ile haikuwa ya Uingereza, basi haikuwa na cha kuipigia kura. Ni jibu sahihi. Linaonyesha pia jinsi Bunge lenye nguvu kupita yote lilivyoweza kuamua hatima ya watu kwa kukaa kimya.

Nguvu hizo zilikuwa zimepata mwandishi wake miaka mitano tu kabla. Mwaka 1885 Albert Venn Dicey, profesa wa sheria pale Oxford, alichapisha mihadhara yake juu ya katiba ya Uingereza. Alifundisha kwamba Bunge, yaani mfalme, Baraza la Malodi na Baraza la Makabwela wakiwa pamoja, linaweza kutunga sheria yoyote na kufuta sheria yoyote. Hakuna mahakama inayoweza kuitangaza sheria ya Bunge kuwa batili. Na hakuna Bunge linaloweza kulifunga mikono Bunge litakalokuja baada yake. Nchi isiyo na katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja ilipata kwa Dicey kitu kinachokaribia katiba. Mwaka huohuo, tarehe 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, aliyekuwa amezunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Muda si muda mawakala wake wakapanda na Usambara.

Dicey hakuwa mjinga. Alijua kwamba Bunge haliwezi yote kwa maana ya mtaani. Alisema kuna mipaka miwili, wa nje na wa ndani. Mpaka wa nje ni raia wenyewe: ipo siku watakataa kutii. Mpaka wa ndani umo katika vifua vya wabunge, kwa kuwa nao ni watoto wa jamii yao na kuna mambo hayawezi kuwajia akilini. Alimtaja mwandishi mwenzake, Leslie Stephen, aliyetoa mfano wa kutisha: Bunge likiamuru watoto wote wenye macho ya bluu wauawe, sheria ingekuwa halali, lakini wabunge wangekuwa wameingia wazimu kabla ya kuitunga, na wananchi wangekuwa wapumbavu kuitii.

Mambo haya hayakuwa mageni Usambara. Karne ile ile ya 19, mjini Vuga, Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, walikuwa na nadharia yao ya enzi, na mfalme wao Kimweri ye Nyumbai aliitekeleza kwa miongo mingi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848, akarudi 1852, akastaajabia jinsi amri yake ilivyotiiwa kutoka milimani hadi karibu na bahari. Mfalme, Simba Mwene, alihesabiwa kuwa mwenye kila kitu: nchi, ng'ombe, hata watu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa muda mrefu na wazee wa Kishambaa, ameonyesha upande wa pili wa enzi hiyo. Mfalme aliyeshiba nguvu na kutulia aliaminiwa kuleta mvua na shibe. Nguvu zikigongana, wana wa mfalme wakipigania kiti, nchi iliharibika na njaa ikaingia. Kwa hiyo ukame ulikuwa ni kesi dhidi ya mtawala, na hakuwa na mahali pa kukata rufani.

Kimweri alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1860, na vita vya urithi vikaanza. Semboja, mwanawe aliyetawala Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki, na Vuga ikashindwa nguvu. Kabla ya muongo huo kwisha, Wabondei wa nchi ya chini, kati ya milima ya Amani, huko Usambara Mashariki, na bahari, waliinuka dhidi ya Wakilindi na kuwatimua. Uasi huo wanauita Kiva. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi ameusimulia katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kwanza kwenye matbaa ya wamisionari wa Magila, si mbali na Muheza. Anayetaka kuuelewa mpaka wa nje wa Dicey asome namna Wabondei walivyowaondoa mabwana waliohesabiwa kuwa wenye kila kitu.

Wajerumani nao waliuonja mpaka huo. Agosti na Septemba 1888, kampuni yao ilipotaka kupandisha bendera yake na kukusanya ushuru kwa mkataba wa kukodi kutoka kwa Sultani Khalifa, Pangani iliwaka. Bushiri bin Salim aliongoza vita vilivyoenea pwani nzima, Tanga ikapigwa mizinga, na Berlin ikalazimika kutuma jeshi la serikali chini ya Hermann Wissmann. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kampuni iliyopewa hati ya kutawala ilishindwa kutawala, ndiyo maana serikali ya Kaisari ikaingia yenyewe.

Waliobaki na nguvu walianza kuandika sheria. Amri ya ardhi ya Novemba 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Taji la Ujerumani. Msitu wa Usambara Mashariki, ambao wenyeji waliutumia kwa dawa, matambiko, nguzo na mashamba ya kuhamahama, ulionekana mtupu machoni pa mpimaji. Mashamba ya kahawa yakafunguliwa kwenye miteremko, na wenyeji wakawa vibarua. Mwaka 1902 serikali ikaanzisha huko Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, chini ya Franz Stuhlmann kwanza, halafu Albrecht Zimmermann. Ilikuwa na bustani ya mimea kutoka mabara yote ya joto, maabara, maktaba na reli ndogo iliyopanda bonde la Sigi kutokea Tengeni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza taasisi chache za kitropiki ziliweza kujilinganisha nayo.

Waingereza waliingia Amani mwaka 1916. Hapo ndipo swali la Bunge lilipopanda mlimani.

Kenya ilikuwa rahisi kwa wanasheria wa London. Mwaka 1920 iligeuzwa koloni, ikawa milki kamili ya mfalme, isipokuwa ule ukanda wa mwambao uliobaki wa Sultani kwa jina. Muda mfupi baadaye, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Jacob Barth alitamka kwamba Waafrika wa Kenya ni wapangaji tu wa Taji, wanaoweza kuondolewa Taji likitaka. Tanganyika haikutwaliwa hivyo. Ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na masharti yake, yaliyothibitishwa mwaka 1922, yalimtaka mdhamini aheshimu haki na masilahi ya wenyeji katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ikaiita ardhi ya Tanganyika ardhi ya umma, isimamiwe na Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Mtu asidanganyike na maneno hayo mazuri, kwa sababu mashamba ya Wajerumani yaliyotaifishwa Usambara yalipigwa mnada na kununuliwa na watu wenye fedha, na mkulima wa Kibondei hakuwamo. Hata hivyo tofauti na Kenya ilikuwapo, na kila mtu aliijua.

Je, masharti hayo ya Shirikisho yalilifunga Bunge la London? Kwa sheria ya Kiingereza, hapana. Mkataba wa kimataifa si sheria ya ndani mpaka Bunge liutungie sheria, na Bunge likitaka kuuvunja hakuna jaji wa kulizuia. Dicey angejibu hivyo bila kusita. Lakini kila mwaka Uingereza ilipeleka ripoti ya Tanganyika mbele ya Tume ya Udhamini huko Geneva, na wajumbe wake waliuliza maswali. Ujerumani, iliyonyang'anywa nchi hiyo, ilikuwa na kila sababu ya kupiga kelele. Mpaka ulikuwapo, ingawa haukuandikwa katika sheria yoyote ya Uingereza.

Jinsi sheria ilivyofika Amani ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Agosti 1890, mwezi uleule wa Heligoland, Bunge lilipitisha Sheria ya Mamlaka Katika Nchi za Nje. Ilimruhusu malkia atumie mamlaka yoyote aliyoyapata nje ya himaya yake kana kwamba ameyapata kwa kuiteka nchi. Miaka 30 baadaye, tarehe 22 Julai 1920, mfalme akiwa na washauri wake alitoa Amri ya Tanganyika kwa nguvu ya sheria hiyo. Amri ikampa Gavana uwezo wa kutunga sheria. Gavana akatunga: ya misitu, ya kodi, ya vibarua, ya ardhi. Baraza la Kutunga Sheria lilikuja mwaka 1926, na hadi 1945 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mbunge wa London hakuhitaji kujua Amani iko wapi ili sheria iwafikie watu wake. Alikwisha kutia saini karatasi tupu tangu 1890, mwandishi akajaza mwenyewe.

Fedha ndizo zilizoamsha macho. Tume ya wabunge iliyoongozwa na William Ormsby-Gore ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ikaikuta taasisi ya Amani imezorota vibaya, na ripoti yake ya 1925 ilitaka ifufuliwe. Ikafufuliwa. Bodi ya Masoko ya Himaya, iliyoanzishwa 1926 kwa fedha za Bunge, ilichangia. Serikali za Afrika Mashariki nazo zikachangia. Na William Nowell akaletwa kuiongoza. Kazi iliyofuata ilikuwa na faida ya kweli. H. H. Storey alianza kupandanisha mihogo ya kawaida na jamaa zake wa mwituni ili kupata mbegu isiyoshambuliwa na batobato na michirizi ya kahawia. Uzao wa mihogo hiyo ya Amani umo mpaka leo katika mbegu zinazolimwa Afrika Magharibi na Mashariki. Penye sifa pasifichwe, hata kama aliyelipa hakumuuliza mkulima.

Amani iliyofufuliwa ilikuwa ya Tanganyika, Kenya na Uganda kwa pamoja, na hilo lilikuwa na siasa ndani yake. Leopold Amery, Waziri wa Makoloni tangu 1924, alitaka nchi hizo tatu ziunganishwe chini ya serikali moja. Walowezi wa Kenya waliuona mwanya wao. Sir Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alipinga kwa ukali. Tume ya Hilton Young ilikuja kulichunguza suala hilo, ikaandika, ikaondoka. Serikali ya chama cha Labour ilipoingia, suala likapelekwa kwa Kamati ya Pamoja ya Malodi na Makabwela, nayo ikakubali jambo ambalo Bunge hilo halikuwa na mazoea nalo: kusikiliza mashahidi Waafrika.

Mmoja wa mashahidi hao alitoka Tanga. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, mwana wa Hugh Kayamba, Mbondei aliyesomeshwa na misheni ya UMCA hadi Uingereza. Kwa upande wa ukoo alijihesabu katika damu ya Wakilindi. Basi ndani ya mtu mmoja walikutana waliotawala na waliotawaliwa wa Kiva. Alisoma katika shule ya misheni ya Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda, na vita vilipozuka 1914 Wajerumani walimfunga. Kuanzia 1917 alikuwa karani wa Waingereza katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwaka 1922 alianzisha hapohapo Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kimojawapo cha vyama vya mwanzo kabisa vya kisasa katika nchi hii. Wanahistoria humwona mwoga kisiasa, mtu wa tai na barua za heshima. Huenda. Lakini yeye ndiye aliyeketi mbele ya kamati hiyo.

Mwaka 1931 alisafiri na Chifu Makwaia wa Usiha, Shinyanga, na Francis Lwamgira wa Bukoba. Kutoka Kenya walikuja Koinange wa Mbiyu, James Mutua na Ezekiel Apindi, na kutoka Buganda Serwano Kulubya. Walichaguliwa kwa idhini ya serikali zao, jambo lisilopaswa kusahauliwa: Jomo Kenyatta na Parmenas Mockerie, waliotumwa na Kikuyu Central Association, walikuwa London mwaka huohuo na kamati haikuwasikiliza. Hata hivyo serikali haikuchagua majibu. Mashahidi wa Tanganyika walikataa kuunganishwa na Kenya. Walikuwa wamesikia habari za kipande ambacho mwanamume wa Kenya alilazimika kukivaa shingoni, na za ardhi iliyokwenda kwa walowezi. Koinange aliizungumzia ardhi hiyo mbele ya malodi.

Kamati ilihitimisha kwamba wakati wa muungano haujafika. Si kwa sababu ya mashahidi peke yao. Mdororo wa uchumi ulikuwa umezikausha hazina, Wahindi wa Afrika Mashariki walipinga, Cameron alikuwa amepinga, na masharti ya udhamini yalizua maswali. Lakini ushahidi wa Kayamba na wenzake ulikuwamo katika mizani. Bunge ambalo kisheria lingeweza kuiunganisha Tanganyika na Kenya kwa kifungu kimoja liliacha. Kayamba alirudi, akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka 1932. Mwaka huohuo alihamishiwa Dar es Salaam, kwenye makao makuu ya serikali, cheo kikubwa kuliko alichowahi kupewa Mwafrika yeyote pale. Na ilipofika 1945 Waafrika wawili wa kwanza walipoingia Baraza la Kutunga Sheria, mmoja alikuwa Kidaha, mwana wa Makwaia.

Muungano uliokataliwa mlangoni uliingia dirishani. Januari 1948 ilianza kazi Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa amri ya mfalme, ikiwa na baraza lake la kutunga sheria kwa nchi zote tatu katika mambo ya reli, posta, forodha na utafiti. Amani ilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuguswa. Utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo ya mlimani yakapewa watafiti wa malaria. Wengi wa Muheza walioajiriwa huko kukamata mbu na kupima damu walikuwa wanafanya kazi chini ya mamlaka ambayo hawakuipigia kura, na ambayo wazee wao waliikataa miaka 17 kabla haijaundwa.

Kaskazini kidogo, katika pwani ya Kenya, mahakama ya London ilipata nafasi ya kusema mipaka ya mamlaka hayo iko wapi. Kesi ya kampuni ya daraja la Nyali, Mombasa, iliamuliwa katikati ya miaka ya 1950, na chanzo chake kilikuwa ushuru wa magari ya jeshi. Mwambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba, kwa hiyo uwezo wa Taji pale ulikuwa na kikomo kwenye karatasi. Jaji Denning alikiri kikomo hicho, kisha akasema Taji linaweza kukisogeza kadiri litakavyo mpaka likafunika karibu shughuli zote za serikali, na mahakama haitauliza. Wachache wameeleza ukoloni kwa ufupi na unyoofu kiasi hicho.

Kisha ikaja 1961. Sheria ya Uhuru wa Tanganyika, iliyopitishwa London mwezi Novemba, ilisema kwamba sheria yoyote ambayo Bunge la Uingereza litapitisha kuanzia tarehe 9 Desemba haitahesabiwa kuwa sehemu ya sheria za Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na kichekesho kimoja. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, haikuwahi kuwa milki kamili ya Taji. Ilifanywa hivyo siku ya uhuru wake. Mwenge ukiwaka juu ya Kilimanjaro, nchi iliingia rasmi katika himaya ya Malkia Elizabeth, na Sir Richard Turnbull akawa Gavana Jenerali wake kwa mwaka mmoja, hadi jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962.

Kwa nadharia ya Dicey, Bunge la London lingeweza kuifuta Sheria ya Uhuru kesho yake, maana hakuna Bunge linaloweza kulifunga Bunge lijalo. Majaji wa Uingereza wamelizungukia fumbo hilo mara kadhaa. Mwaka 1935, katika kesi iliyotoka Kanada, Lord Sankey alikubali kwamba kinadharia Bunge linaweza kurudisha mamlaka liliyoyatoa, ila akasema nadharia hiyo haihusiani na hali halisi. Mwaka 1971 Denning, yuleyule wa Nyali, alisema kwa maneno yake kwamba uhuru ukishatolewa haurudishwi. Watanganyika hawakungoja wamalize. Bunge lao lilijigeuza Bunge la Katiba mwaka 1962, likapitisha katiba ya jamhuri kwa jina lake lenyewe ili mzizi wa sheria ya nchi usiwe tena London.

Mzizi ukakatwa, lakini mbegu ilibaki. Bunge la Dar es Salaam liliurithi uwezo wa kufanya yote, na likautumia haraka. Serikali ilikuwa imekataa kuweka sura ya haki za binadamu katika katiba ya uhuru. Mwaka 1962 ikapita Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Mwaka 1963 machifu walifutwa, na enzi ya Wakilindi pale Vuga, iliyokuwa mikononi mwa Kimweri Mputa Magogo, ikaisha kwa sheria. Mwaka huohuo hati za umiliki wa kudumu wa ardhi, nyingi zikiwa zimeanzia enzi za Wajerumani katika mashamba ya Tanga, zilibadilishwa kuwa ukodishaji wa serikali. Baadhi ya sheria hizo zilishangiliwa, na kwa haki. Mahakama haikuwa na kipimo cha kuzipimia. Mwaka 1975 katiba ilirekebishwa ikatamka kwamba chama tawala kimeshika hatamu, na Bunge lenyewe likawa chini ya kamati za chama hicho.

Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba, na Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayopingana na Katiba ni batili. Dicey asingeitambua nchi hiyo. Mchungaji Christopher Mtikila aliamua kuipima Katiba hiyo. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akikaa Dodoma, alikubaliana naye kwamba raia anaweza kugombea uongozi bila kupitia chama. Bunge halikukaidi hukumu. Lilibadili Katiba yenyewe kabla ya mwaka kwisha ili mgombea binafsi asiwepo. Mtikila akarudi mahakamani, Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema jambo hilo ni la kisiasa na Bunge ndilo liliamue.

Waingereza nao wamebadilika kwa njia yao. Walipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, mahakama zao ziliweza kuisimamisha sheria ya Bunge iliyogongana na sheria ya Ulaya. Na Septemba 2019 Mahakama ya Juu ya London iliamua kwamba Waziri Mkuu hakuwa na haki ya kulifunga Bunge kwa wiki tano. Jaji aliyesoma hukumu hiyo, Lady Hale, alikuwa analilinda Bunge dhidi ya serikali. Tanzania mahakama ililiachia Bunge, na Bunge likaiachia serikali.

Mtikila alikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Tanzania imevunja haki yake. Alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, Katiba ikiwa haijabadilishwa. Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Taarifa hiyo ilianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, na tangu hapo Mtanzania mwenye kesi kama ya Mtikila hana njia ya kuifikisha Arusha peke yake.